RAM: dola saba zilizokatwa kimya kimya

Mnakumbuka mwezi wa tisa mwaka 2020? Makanisa yalikuwa yametoka tu kufunguliwa tena baada ya kufungwa kwa ajili ya korona, watu walikuwa wanatafuta namna ya kurudisha biashara zao, na ndipo simu zetu zikaanza kufanya kitu kipya. Unaweka unite, unasubiri kuona salio lako, na salio linakuja likiwa limepungua. Hujapiga simu. Hujasema hata “allo”. Wengi walienda kugombana na kijana wa kabine aliyeketi chini ya parasoli yake, wakifikiri amewaibia. Maskini kijana, hakuwa na kosa. Mkono uliokuwa unachukua ulikuwa mrefu kuliko wake, na ulitoka Kinshasa.

Jina lake lilikuwa RAM, yaani Registre des Appareils Mobiles, au tuseme daftari la vyombo vya simu. Vijana wanaosoma mambo ya kompyuta walicheka waliposikia jina hilo, kwa sababu RAM kwao ni ile kumbukumbu ya simu inayofutika kila mara simu inapozimika. Labda aliyechagua jina alitumaini kwamba sisi pia tutasahau hivyo hivyo.

Mambo haya yamepita, lakini ninaona ni vizuri kuyaeleza tena. Waumini wengi walilipa bila kujua walilipia nini, na njia ile iliyotumiwa kukata unite zetu haikuondoka.

Tuanze na daftari lenyewe. Chukua simu yako, ubonyeze *#06#. Itakuonyesha namba ndefu ya tarakimu 15. Kama simu yako ina nafasi ya kadi mbili, utaona namba mbili. Namba hiyo inaitwa IMEI, nayo si namba yako ya simu. Ni namba ya chombo chenyewe, sawa na ile namba inayogongwa kwenye chuma cha pikipiki. Tarakimu 8 za kwanza zinataja aina ya simu, 6 zinazofuata zinaitofautisha na nyingine za aina ile ile, na ile ya mwisho ni ya kuhakikisha kwamba nyingine hazikuandikwa vibaya. Kila mara unapowasha simu, inajitambulisha kwa mtandao: mimi ni chombo fulani, na nimebeba kadi fulani. Kwa hiyo kampuni ya simu inajua chombo, inajua kadi, na inajua ni mnara gani uliokupokea.

Serikali ilisema itakusanya namba hizo zote mahali pamoja. Simu ikiibiwa, itafungwa katika mitandao yote, hata mwizi akibadilisha kadi. Simu za bandia nazo zitajulikana na kuzuiliwa. Tuseme ukweli: wazo hilo si baya. Nchi nyingi zina daftari la namna hiyo. Yeyote aliyeporwa simu jioni akirudi kutoka mazoezi ya kwaya angefurahi kujua kwamba mwizi amebaki na kioo cha kujitazamia tu.

Shida ilikuwa nani alipe, na namna gani. Wenye simu ndogo za kubonyeza, zile za 2G, walitakiwa dola 1 kwa mwaka. Wenye simu za 3G na 4G walitakiwa dola 7. Pesa hizo zilikatwa katika mafungu sita, moja kwa moja kwenye unite, bila kuuliza mtu. Kwa wakati ule dola 7 zilikuwa karibu faranga 14,000. Mshahara wa chini wa kisheria ulikuwa faranga 7,075 kwa siku, kwa yule mwenye bahati ya kupata tajiri anayeulipa. Basi ni kama siku mbili za kazi. Mjane wa Kadutu aliyepewa simu ya zamani na mtoto wake aliye ng'ambo alilipa sawasawa na mkubwa mwenye simu ya bei ya ng'ombe watatu. Kwa hesabu ya RAM, wote wawili walikuwa “4G”.

Na hapa ndipo sheria inapoingia. Katiba yetu, kifungu cha 174, inasema kodi haiwezi kuanzishwa isipokuwa kwa sheria, maana yake ipitie kwa wawakilishi wa wananchi. RAM haikupita huko. Ilikuja kwa amri za serikali. Wabunge walipouliza, jibu lilikuwa kwamba hii si kodi, ni malipo ya huduma. Jibu la akili sana. Lakini huduma ni kitu unachoweza kukikataa. Fikiri umeacha pikipiki yako nje ya kanisa. Ibada inaisha, unatoka, unamkuta mtu ameiosha bila kutumwa, ameshika ufunguo, anasema: nilipe huduma yangu. Motari yeyote wa Goma angekuambia jina la huduma ya namna hiyo, na jina hilo haliwezi kuandikwa hapa.

Watu hawakunyamaza. Vijana wa LUCHA, kundi lililozaliwa Goma mwaka 2012, walikuwa kati ya waliopinga hadharani. Mwezi wa kumi mwaka 2021 waziri wa Posta na Simu alisimama mbele ya wabunge kujieleza, na kelele zilikuwa nyingi. Mashirika ya raia yaliuliza pesa zimeingia kiasi gani na zimekwenda wapi. Hesabu zilizotajwa na pande mbalimbali hazikulingana hata kidogo. Mwanzoni mwa mwaka 2022 makato yakasimamishwa. Watoto wetu wa shule ya Jumapili wanajua kwamba Zakayo aliposhuka kwenye mti aliahidi kurudisha mara nne. Waliokatwa kwa ajili ya RAM wangefurahi kusikia habari ya kurudishiwa hata mara moja.

Mimi naona jambo kubwa katika hadithi hii haliko kwenye dola saba. Liko kwa kampuni za simu. Tumezoea kuziona kama maduka: tunanunua, zinauza. RAM ilituonyesha kwamba kampuni ya simu ni duka lililojengwa juu ya kiwanja cha mwingine. Leseni yake inatoka kwa serikali, na anayetoa leseni akisema “kata”, inakata. Mwaka 2020 ilikata pesa. Miaka mingine ilikata maneno.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe mfupi wa simu ulizuiwa kwa majuma kadhaa. Waliohangaika zaidi ni viziwi, kwa kuwa kwao ujumbe ulioandikwa ndiyo simu yenyewe, nao hawakuwa wameandamana popote. Januari 2015 intaneti ikafungwa wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi. Mwishoni mwa Desemba 2017 ikafungwa tena, kwa sababu ya maandamano yaliyoitishwa na waumini wakatoliki. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, ikafungwa karibu majuma matatu. Salamu za mwaka mpya tulizoandika usiku ule ziliwafikia ndugu zetu Januari ikielekea mwisho, na mtu unabaki kujiuliza kama baraka ya mwaka mpya ina tarehe ya kumalizika kama mega. Lakini Beni na Butembo hakukuwa na kitu cha kuchekesha. Huko kura yenyewe ilikuwa imeahirishwa, na Ebola ilikuwa bado inaua. Kufunga njia ya habari mahali ambapo kila siku watu wanahitaji kuambiwa ugonjwa umefika kijiji gani ni jambo ambalo sijawahi kusikia likitetewa vizuri.

Sheria ya simu ya mwaka 2002 iliipa serikali nafasi ya kuzuia mitandao kwa sababu ya usalama, na ikaongeza maneno yenye mlango mpana: au kwa sababu nyingine yoyote. Ukimpa mtoto ruhusa ya kukosa shule kwa malaria, kwa mvua, au kwa sababu nyingine yoyote, usishangae darasa likiwa tupu. Sheria mpya ya Novemba 2020 ilichukua nafasi ya ile, lakini mazoea hayakufa. Mwezi wa pili mwaka 2025, wakati vita vilipokuwa vinaendelea huku kwetu mashariki, mitandao ya X na TikTok ilizuiwa nchini.

Kuna watakaosema: mitandao inabeba uongo, na uongo unaua. Ni kweli. Tumeona picha za vita vya nchi nyingine zikisambazwa katika makundi ya WhatsApp ya kanisa kana kwamba zimepigwa jana kwenye kilima cha pili. Lakini mzazi anayetafuta mtoto wake katika kambi ya wakimbizi anatumia barabara ile ile inayopitiwa na mwongo. Ukifunga barabara, mwongo anarudi kwenye soko na kusema kwa mdomo, na wakati huo hakuna wa kumsahihisha.

Katiba ina maneno mazuri juu ya haya. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Kifungu cha 31 kinalinda siri ya barua na mawasiliano ya simu. Tangu Machi 2023 tuna pia Code du numérique, sheria ndefu iliyoandikwa kwa Kifaransa kigumu, ambayo inataka habari za mtu binafsi zisikusanywe na kutumiwa ovyo. Wakubwa wa makundi ya WhatsApp wajue pia kwamba sheria hiyo hiyo inamwadhibu anayeanzisha au anayepeleka mbele habari ya uongo juu ya mtu. Kusema “mimi nilitumiwa tu” si kinga.

Swali la daftari linatugusa sisi zaidi kuliko watu wa Kinshasa. Orodha inayosema simu fulani ni ya nani na iko karibu na mnara gani ni kitu kimoja mahali penye amani, na ni kitu kingine kabisa mahali ambapo wenye ofisi wanaweza kubadilika kati ya Jumatatu na Ijumaa. Kwa hiyo mtu akija na mpango mpya wa kuandikisha vyombo, kadi au vidole, hata kama ni bure, ulizeni mambo matatu: sheria gani imeuruhusu, nani analinda hizo habari, na zitafutwa lini.

Na zile unite zinazopotea leo? RAM haipo tena, lakini malalamiko yapo. Mara nyingi sababu ni ndogo zaidi. Forfe yako ya saa 24 imeisha usiku, simu haikuacha kuvuta picha za kundi la kwaya, na kuanzia hapo kila mega inalipiwa kwa bei ya nje ya forfe, ambayo ni kali. Au siku moja ulibonyeza “1” bila kusoma, na sasa unalipia nyimbo na utabiri wa nyota ambao mchungaji wako asingependa kuusikia. Zima data kabla ya kulala. Angalia salio kabla na baada ya kuweka unite, na usifute ujumbe wa makato, kwa sababu kampuni ikiulizwa itataka tarehe na saa. Mtunza hazina anayepokea matoleo kwa M-Pesa au Airtel Money afanye hivyo kila Jumapili, tena mbele ya mwenzake mmoja.

Ile namba ya tarakimu 15, iandike kwenye karatasi na uihifadhi nyumbani pamoja na kadi ya uchaguzi na karatasi za watoto. Simu ikiibiwa, utaihitaji ukienda kushtaki. Usimpe mtu anayekupigia na kusema anatoka kwenye kampuni: mtandao wenyewe umeshaiona leo asubuhi, ulipowasha simu.