Octopizzo: Rapa Aliyejipa Namba ya Matatu

Wapenzi wa muziki mjini Nairobi wamezoea kuona wanamuziki wakijipa majina makubwa makubwa: simba, mfalme, jenerali. Henry Ohanga yeye alichukua namba ya matatu. Namba 8 ni ya magari yanayobeba watu kati ya Kibera na katikati ya jiji, na katika nane hiyo ndimo lilimozaliwa jina la Octopizzo, ambalo tangu albamu yake ya mwaka 2012, Chocolate City, limejulikana Kenya nzima.

Jambo hilo la jina si dogo. Kibera, iliyoko kusini-magharibi mwa jiji, ni mtaa ambao kila mtu amepata kuusemea isipokuwa wenyeji wake. Jina lenyewe limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, kwani waliotangulia kujenga pale walikuwa askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, waliowekwa hapo na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20 bila kupewa hati. Baadaye wakaja watafuta kazi kutoka kila pembe ya nchi, na nyuma yao wakaja wageni wenye kamera. Kwa miaka mingi vitabu na magazeti yalisema kwamba watu milioni moja wamesongamana humo. Sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu, ikapata kiasi cha watu 170,000. Ndiyo kusema hata idadi yao wenyeji walitungiwa na wengine.

Basi kijana mmoja wa pale, aliyefiwa na wazazi wake angali mdogo, akashika kipaza sauti na kuuita mtaa wake Mji wa Chokoleti. Mwenye kupata kuyatazama yale mabati yenye kutu akiwa mahali palipoinuka hatauliza rangi hiyo ilitoka wapi.

Nakiri kwamba mwandishi wa makala haya ni mtu wa santuri na gitaa. Muziki wa kufoka ulipoingia mjini nilidhani ni kelele za watoto, zitakazopita kama zilivyopita suruali za bugaluu. Hazikupita. Katika miaka ya 1990 vijana walikuwa wakishindana katika klabu ya Florida 2000, barabara ya Moi Avenue, wengi wao wakiiga Kiingereza cha Wamarekani weusi hata kikohozi. Ndipo walipotokea vijana watatu wa Dandora, Kalamashaka, na wimbo wao "Tafsiri Hii", wakaonyesha kwamba Kiswahili na Sheng vinaweza kuubeba mzigo huo bila kuyumba. Octopizzo alilikuta shamba limekwisha fyekwa.

Lakini wengi wa kizazi hicho cha kwanza walivuna sifa kuliko shilingi. E-Sir wa South C alikufa katika ajali ya gari mwaka 2003, jina lake likiwa ndiyo kwanza linapaa. Wengine waliweka kipaza sauti chini, wakatafuta kazi ya mshahara. Hakuna wa kuwalaumu, maana watoto hawali makofi.

Rapa asiye na kampuni hulipia studio mwenyewe, humlipa mpiga picha wa video mwenyewe, hutafuta vituo vya redio mwenyewe, na hasara ikija huibeba mwenyewe. Malipo yake ni moja tu: hakuna bwana mkubwa wa kumwambia aitoe Kibera katika mashairi atie mapenzi. Hii ndiyo njia aliyoishika Octopizzo. Baada ya ile Chocolate City ikafuata LDPC mwaka 2015, na mwaka 2017 ikatoka Refugeenius.

Hii ya mwisho ndiyo iliyonifanya nimsikilize upya. Aliifanya pamoja na vijana wakimbizi wa kambi za Kakuma, huko Turkana, na Dadaab, karibu na mpaka wa Somalia, kwa ushirikiano na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi. Mtu wa mtaa uliosemewa na wengine alikwenda kwa watu wanaosemewa zaidi, na badala ya kuimba juu yao akawapa nafasi waimbe wenyewe. Mwanamuziki anayetafuta fedha peke yake hazitafuti Kakuma.

Si kila wimbo wake unaonipendeza. Majigambo ni mengi, na kuna mahali Kiingereza kinaingia bila kubisha hodi. Majibizano yake na Khaligraph Jones wa Kayole nayo yaliwachosha baadhi ya wasikilizaji, ingawa hapo mwenzangu mmoja mpenda mashairi alinikumbusha kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alijibizana na washairi wa Lamu kwa maneno makali zaidi, na leo tunamsoma shuleni. Sikuwa na jibu.

Jioni, watu wanapotoka kazini, makanga wa njia hiyo huita abiria kwa namba tu: nane, nane, nane. Mafundi, wachuuzi na vibarua hupanda na mizigo yao, na redio ya dereva ikiwa na bahati mtoto wa njia yao husikika akifoka humo ndani.