Sufuria imezaa? Kasome mwenyewe!

Mwalimu akisifu kitabu, watoto wataitikia "ndiyo mwalimu", halafu haooo, mpirani. Ngoja sasa asifu mwenzao: "Humu kuna sufuria imezaa, halafu ikafa!" Weee! Kila mmoja anakitaka. Kumbe ni Hekaya za Abunuwasi, zile zile alizosoma babu yake.

Kasheshe ni kabati. Tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umesaidia hadithi za Kiswahili kuchapwa na kufika shuleni Tanzania. Lakini zipo shule ambako vitabu vinalala ofisini chini ya kufuli, eti visichanike. Jamani, kitabu kisichoguswa kina faida gani? Mtoto aliyenogewa na maneno ya mwenzake, akaambiwa "ufunguo anao mwalimu mkuu", kesho haulizi tena.

Mwalimu, jaribu hili Ijumaa. Watoto watatu wasimame, kila mmoja dakika mbili, asifu kitabu chake. Sharti moja tu: mwisho wa hadithi asiuseme! Kisha fungua kabati, andika majina, waazime.

Nawe mzazi, leo usiulize "umepata ngapi?" Uliza: "Mwanangu, nisome kitabu gani?" Utashangaa!