Saini Mia Tatu Hazizuii Ghorofa

"Saini ngapi zinatosha kusimamisha mradi?" Kila ploti ya bungalo inapozungushiwa mabati Kileleshwa au Lavington, jijini Nairobi, swali hili hunijia tena. Hakuna idadi. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 haina kifungu kinachofuta kibali wakaazi wakifika mia tatu. Afisa wa mipango wa kaunti hahesabu vichwa, anasoma hoja. Barua mia tatu zilizonakiliwa kutoka barua moja ni pingamizi moja.

Karatasi za saini nazijua. Ukurasa wa kwanza una majina kamili na nambari za nyumba. Kufikia wa tatu, mwandiko ni mmoja na kalamu ni moja. Bawabu ametia saini, na shemeji aliyekuja kutembea kutoka Rongai pia. Nambari ya ploti haipo popote. Wakili wa mwenye mradi akizitia mkononi, ataanza na saini ya shemeji, na hoja nzuri mliyokuwa nayo itazama pamoja naye. Mpelekeeni mwakilishi wa wadi karatasi zenu. Yeye saini humtisha, maana ana uchaguzi.

Na juu ya saini huwa pameandikwa nini? Kwamba jengo litaharibu "utulivu na hadhi ya mtaa". Hadhi! Nairobi ya kikoloni ilipangwa kwa rangi ya ngozi: Wazungu wakapewa ploti kubwa upande wa magharibi, Waafrika wakabanwa Eastlands. Nusu ekari kwa familia moja ni urithi wa mpango huo. Anayetaka ibaki hivyo kwa kuwa tu ameizoea atasikilizwa kwa adabu, kisha faili lifungwe. Tena mlalamikaji mwenyewe, mara nyingi, anaishi ghorofa ya tatu ya jengo lililosimama palipokuwa na bungalo ya mtu mwingine.

Hoja mnazo, ila hamziandiki. Bungalo ya watu sita ilikuwa na tangi lake la maji taka uani. Pale pale sasa zinaletwa nyumba themanini. Bomba la mtaani lina kipenyo gani, na limeshabeba majengo mangapi? Mfereji ukitoa maji siku mbili kwa wiki, ambatisheni ratiba ya mgao. Pimeni upana wa barabara kwa futi, mpige picha saa moja jioni magari yakiwa yameegeshwa pande zote mbili, muulize gari la zimamoto litapita wapi. Kama kivuli kitafunika paneli zako za sola kuanzia saa tisa, kichore. Ukurasa mmoja wa namna hii afisa hawezi kuuruka kimya kimya.

Njia zenyewe, haraka haraka, maana muda ndio unaowaponza wengi. Ombi likiwa bado mezani, pelekeni pingamizi la maandishi kaunti. Kibali kikitoka, mna siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya mipango ya ardhi. Baada ya hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ina mlango wake, Jopo la Kitaifa la Mazingira, nako ni siku 60. Kifungu cha 70 cha Katiba kinawaruhusu kwenda mahakamani kudai mazingira safi bila kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kupata hasara. Someni pia hati ya ploti husika, kwani nyingine zina masharti ya ujenzi.

Mkifaulu, mara nyingi hamtarudishiwa bungalo. Mtapata ghorofa chache kuliko zilizoombwa, maegesho ya chini, na kontrakta aliyekatazwa kumwaga zege usiku. Amueni mapema mnataka lipi kati ya hayo, mliandike kwenye barua ya kwanza.