Ada ya kulala barabarani: Unalipa, unapata nini?

KAMA unadhani adha ya nyumba ni mwenye nyumba kuja kugonga mlango mwisho wa mwezi, basi hujakutana na mtu aliyeamua kuondoka na nyumba yenyewe. Asubuhi mama anachemsha chai jikoni kwake. Mchana nyumba ileile iko barabarani inakata maili. Jioni imeegeshwa chini ya miti, sufuria inatoka kabatini, mayai yanakaangwa. Kitanda kimo, choo kimo, bafu limo, friji limo, na usukani uko pale mbele sebuleni. Wenyewe huko Marekani na Uingereza wanayaita motohomu. Mimi nayaita magari-nyumba, na wewe msomaji wangu ruksa kuyaita utakavyo.

Sasa watu hawa wana vilabu vyao. Si vilabu vya pombe, tuelewane! Ni vyama hasa, vyenye kadi, viongozi, mikutano, gazeti la chama na, kama kawaida ya chama chochote duniani, ada. Na ni hiyo ada iliyozua ubishi hadi ukanifikia mimi hapa Sinza.

Baba yangu mdogo yuko Houston, jimbo la Texas, miaka nenda miaka rudi. Ameendesha malori mpaka kastaafu. Watoto wamekua, kila mmoja na lake, mzee kaona isiwe tabu, kajikusanya na kununua gari-nyumba lililokwisha tumika. Anataka yeye na mama mdogo waione Marekani ile ambayo miaka yote aliipita usiku akiwa na mzigo wa watu. Kabla hata hawajatoka getini, karatasi za vilabu zikaanza kumiminika. Jiunge nasi, upate hiki! Jiunge nasi, upate kile!

“Mwanangu, wewe si unaandika magazetini?” akaniambia kwenye simu. “Hebu nichunguzie hawa watu. Mimi hela yangu ni ya uzeeni, sitaki kuchangia sherehe za wenzangu.”

Nyuma nikamsikia mama mdogo akipaza sauti: “Muulize likizimika njiani nani atatuvuta! Na sukari yako hiyo!”

Mnaona wenyewe. Mzee anauliza habari ya hela, mama anauliza habari ya roho. Nikaanza na la mzee kwa kuwa ndilo rahisi.

Kwa miaka kadhaa sasa ada za vilabu vikubwa vya Marekani zimekuwa zikicheza kati ya dola 30 na 90 hivi kwa mwaka. Klabu inayojulikana sana ni Good Sam, na kivutio chake ni punguzo la asilimia 10 kwenye kambi zilizoingia mkataba nayo. Haya, chukua kalamu. Tuseme kambi inatoza dola 50 kwa usiku mmoja, pamoja na umeme na maji. Punguzo lako ni dola 5. Ukiwa umelipa ada ya dola 30, unahitaji kulala kambini usiku sita tu hela yako iwe imerudi. Usiku wa saba unakula faida. Kwa mtu kama baba mdogo anayetaka kuzurura miezi, hiyo haina ubishi. Lakini kwa yule anayelitoa gari Krismasi na Pasaka tu, kisha linabaki uani likiota vumbi, anamchangia mwingine.

Ipo na klabu nyingine, Passport America, iliyoanza mwaka 1992, ambayo yenyewe inatangaza nusu bei. Nusu bei bwana! Nilipofika hapo nilikaribia kumpigia mzee simu niseme tumemaliza kazi. Ila ukisoma maandishi madogo unakuta kila kambi ina masharti yake. Nyingi hazikupi hiyo nusu wikiendi wala sikukuu, nyingine zinakupa usiku mmoja au mbili basi. Kwa mstaafu asiye na Jumatatu wala Ijumaa si kitu. Kwa mfanyakazi mwenye Jumamosi na Jumapili tu, kadi hiyo ni pambo la pochi.

Nikataka pia kujua hizo ada zinaingia mfukoni mwa nani, na nilichokuta ni kizuri kukijua kabla hujajaza fomu. Good Sam ilianza mwaka 1966 baada ya msomaji mmoja wa jimbo la Utah kuliandikia jarida la wenye matela ya kulala, akashauri wasomaji wabandike stika nyuma ya magari yao, ili wakimkuta mwenzao kakwama wasimame kumsaidia. Jina lenyewe limetokana na yule Msamaria Mwema wa kwenye Biblia. Zuri sana. Leo Good Sam ni mali ya Camping World, kampuni inayouza hayo hayo magari-nyumba na vipuri vyake, na hisa zake zipo kwenye soko la New York tangu mwaka 2016. Sisemi ni dhambi. Punguzo ni punguzo. Ila ukilipa pale ujue wewe ni mteja mwenye kadi, na usije ukategemea kusimama kwenye mkutano mkuu ukamhoji mweka hazina.

Tofauti na hao ni FMCA, chama cha wanachama wenyewe kisicho cha faida. Hawa walianza Julai 1963 huko Hinckley, jimbo la Maine, ambako familia 26 zenye magari-nyumba zilikwenda kutazama kupatwa kwa jua. Jua likapatwa, likarudi, watu wakaona uvivu kuachana, wakaunda chama. Kibao cha namba ya uanachama wanachobandika kwenye gari kina umbo la yai, na wenyewe wanakiita yai la bata bukini. Hadi mwaka 2017 mwenye tela la kuvutwa hakuruhusiwa kujiunga. Mwaka huo wanachama wakapiga kura, mlango ukafunguliwa.

Kilichonifanya nimwite mama mdogo kwenye simu ni mpango ambao FMCA iliwawekea wanachama wake wa kumrudisha kwao mtu aliyeugua ghafla akiwa mbali na nyumbani, pamoja na kulirudisha gari. Hebu fikiria. Dereva ni mzee mmoja, sukari imempanda, kalazwa jimbo la ugenini. Mke hajawahi kushika usukani wa dude lenye urefu kama wa basi la mkoani. Nani analirudisha? Hapo ndipo ada inapoanza kueleweka hata bila kalamu.

Lakini kwenye kuvutwa mzee asidanganyike. Watu wengi wanadhani kadi ya klabu ndiyo brekidauni. Wapi! Kwa vilabu hivi vikubwa, huduma ya kuja kukuvuta barabarani kwa kawaida ni bima ya pembeni, unailipia peke yake juu ya ada. Na si kila gari la kuvuta linaliweza gari-nyumba, linatakiwa lile la kuvutia malori. Sisi huku gari likizimika tunakata matawi tunayatandaza barabarani, kondakta anaanza kurudisha nauli, maisha yanaendelea. Kule likikuzimikia bila hiyo bima, utaumwa kichwa siku ukiletewa bili.

Waingereza nao wana lao, nalo limenifurahisha kwa ujanja wake. Klabu yao kubwa ilianzishwa mwaka 1907, enzi za misafara ya kukokotwa na farasi, na mwaka 2017 ikabadili jina kuwa Caravan and Motorhome Club. Sheria ya huko ya mwaka 1960 inataka mwenye kiwanja cha kulaza misafara awe na leseni, lakini vyama vilivyoidhinishwa vinaweza kumpa cheti mkulima wa kawaida alaze magari yasiyozidi matano ya wanachama shambani kwake. Matano tu. Kwa hiyo unajikuta umelala pembeni ya zizi la kondoo, kimya, majirani wanne, asubuhi unanunua mayai kwa mwenye shamba. Asiye mwanachama hata awe na mamilioni halazi gari pale. Hiyo ada si ya punguzo tena, ni ufunguo.

Nikadhani nimemaliza, kumbe lililonigusa lilikuwa jirani kabisa na baba mdogo. Kama kilomita 120 kutoka Houston, yaani kama sisi kutoka Dar na kuipita Chalinze kidogo, kuna mji unaitwa Livingston. Pale ndipo yalipo makao makuu ya Escapees, klabu iliyoanzishwa mwaka 1978 na mtu na mkewe, Joe na Kay Peterson, ambao wenyewe walikuwa wameuacha ulimwengu wa nyumba za kudumu wakaishi barabarani. Hii ni klabu ya watu ambao gari ndiyo nyumba yao pekee.

Mtu wa namna hiyo ana shida ambazo mimi na wewe hatuzifikirii. Barua ya benki inatumwa wapi? Leseni ya udereva inaandikwa anwani gani? Kura anapiga wapi? Escapees wakaanzisha huduma ya barua pale Livingston. Nayo unailipia mbali na ada, lakini mwanachama anapata anwani halali, barua zake zinapokelewa na kumfuata popote alipo. Maelfu ya watu wana anwani ya mji huo mdogo wa Texas huku usiku wa leo wamelala Arizona au Florida.

Halafu kuna uzee. Miaka ya 1990 klabu hiyo ilianzisha hapo hapo Livingston kituo kinachoitwa CARE, kwa ajili ya wanachama ambao mguu, macho au moyo umegoma, hawawezi tena kuendesha. Badala ya kuliuza gari na kwenda kwenye nyumba ya wazee kufa kwa upweke, mtu anaegesha gari-nyumba lake pale kwa mara ya mwisho, anaendelea kulala kitandani kwake, anapikiwa, anasaidiwa kufika kwa daktari, na majirani zake ni watu wanaoijua barabara kama yeye. Si bure, kuna malipo yake. Lakini wanachama wengine wamekuwa wakijitolea kuja kusaidia, wakijua kabisa zamu yao inakuja.

Nilipomsimulia mama mdogo hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe na wao wana kufa na kuzikana.”

Nikacheka, ila ndiyo hiyo hiyo. Mtaani kwetu mtu analipa mchango wa chama cha kufa na kuzikana mwaka hadi mwaka na hakuna anayemuuliza faida yake asilimia ngapi. Siku ya msiba maturubai yanakuja, sufuria zinakuja, watu wanakuja. Sisi vijana tunaoishi kwa kuhama vyumba ndio tunaojifanya hayatuhusu, mpaka yatufike.

Tena mtindo huu wa kusafiri kwa kundi ulishawahi kupita kwetu. Mwaka 1959 Wally Byam, yule Mmarekani aliyetengeneza matela ya kung’aa ya Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 ya wanaklabu kutoka Cape Town kwenda Cairo. Walipitia Kongo ya Wabelgiji, Uganda, Kenya, wakafika Ethiopia wakapokewa na Mfalme Haile Selassie mwenyewe, na mwaka 1960 wakayapanga matela yao mbele ya Piramidi wakapiga picha. Wengi walikuwa wastaafu. Barabara za siku hizo mnazijua kwa kusimuliwa na babu zenu. Mtu mmoja na tela lake lile asingefika popote. Walifika kwa sababu likikwama moja, yapo mengine arobaini.

Basi nikamjibu mzee. Za punguzo, nikamwambia, zihesabie usiku. Ukiona hufiki kumi kwa mwaka, achana nazo. Ukiona unavuka, chukua moja, si tatu, maana kambi nyingi zinakubali kadi moja tu kwa mpigo. Bima ya kuvutwa nunua hata kama hujiungi popote, na usome kama inabeba gari la uzito wa lako. Halafu chagua klabu moja ya watu, uende kwenye mkutano wake hata mara moja kabla hujalipa mwaka wa pili. Ukikuta hakuna anayekusogelea, hiyo ada peleka kwenye mafuta.

Mzee kalipa Escapees. Wiki iliyofuata wakaenda Livingston kujitambulisha, kwa gari dogo, maana lile kubwa mama mdogo bado analiogopa. Kaniambia ameyakubali yote isipokuwa moja: wanaklabu wale salamu yao ni kukumbatiana, hata na mtu ambaye hamjawahi kuonana. Yeye kawapa mkono tu, halafu akaanza kuwafundisha kuitikia marahaba.