GeoCities

GeoCities ilikuwa huduma ya intaneti kutoka Marekani iliyowawezesha watu wa kawaida kutengeneza kurasa zao bila malipo. Ilianzishwa mwaka 1994 na David Bohnett na John Rezner. Kurasa zilipangwa katika "mitaa" kufuatana na mada: mtaa wa Athens ulihusu elimu na falsafa, SiliconValley kompyuta, Heartland familia.

Yahoo! iliinunua mwaka 1999, lakini watumiaji wengi walihamia mitandao ya kijamii, na huduma ikafungwa tarehe 26 Oktoba 2009. Tawi la Japani lilidumu hadi 31 Machi 2019.

Kurasa nyingi zilikuwa na sura ya ovyo, picha zikimetameta na muziki ukianza bila kuombwa. Hata hivyo ndani yake mlikuwa na historia za koo na maelekezo ya ufundi ambayo pengine hayakuandikwa kwingine. Kabla ya kufungwa, wanakujitolea wa Archive Team, kundi lililoanzishwa na Jason Scott, walinakili walichoweza. Mwaka 2010 walitoa mkusanyo wa zaidi ya gigabaiti 600. Kurasa ambazo hakuna aliyewahi kuzinakili zimepotea, na viungo vinavyoelekeza huko, vikiwemo vya kamusi elezo, havifunguki tena.