Pipi ya Chumvi Kutoka Ufini

Ukimkaribisha mgeni wa Kifini hapa Kambarage, utaona lugha yake inafanana na yetu kwa jambo moja: "hän" ni "yeye", awe mwanamume au mwanamke. Pipi yake nyeusi, salmiakki, ndiyo itakayokukunjisha uso. Hutengenezwa kwa dondoo la mizizi mitamu ya likorisi na kutiwa chumvi ya amonia kloridi, ambayo imo pia katika baadhi ya dawa za kikohozi. Onja kidogo, ushukuru. Lakini likorisi ikizidi hupandisha shinikizo la damu. Mwenye presha ajihadhari. Wajawazito huko Ufini hushauriwa waiepuke. La kuiga ni siku yao ya pipi: familia nyingi huwapa watoto pipi Jumamosi tu. Meno hupumzika siku sita.