SOKO LA VIPURI VYA BAISKELI: MSIMU WA BARIDI WATAKA HESABU MAPEMA

Kipupwe kinapoingia Nyanda za Juu Kusini, kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, biashara ya vipuri vya baiskeli hubadilika sura katika miji ya Njombe, Makambako, Mafinga na Makete. Mvua kubwa zimekwisha, barabara za vijijini zinapitika, mazao yanatoka shambani, na mkulima ana fedha mkononi. Ndipo baiskeli iliyolala tangu masika inapotolewa na kupelekwa kwa fundi. Wakati huo huo asubuhi zina ukungu na manyunyu, na huko Kitulo hata sakitu huanguka.

Mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo anaweza kupata faida nzuri katika msimu huo, na pia anaweza kufunga duka akiwa na rafu iliyojaa mali isiyotoka. Tofauti kubwa iko katika namna alivyonunua.

PIKIPIKI HAIKUMALIZA SOKO

Wapo wanaodhani kuwa soko la baiskeli lilikufa pale bodaboda za pikipiki zilipoenea, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000. Ni kweli kwamba abiria wengi walihamia huko. Lakini mzigo wa karibu, maziwa, kuni, mkaa, viazi na safari za shule bado viko juu ya baiskeli, kwa sababu baiskeli haili petroli. Isitoshe, baiskeli ya mzigo hula vipuri kuliko ya matembezi: tairi ya nyuma, spoku, golori na kotapini.

Baiskeli zilizopo mitaani ni za aina kuu tatu. Kwanza ni zile nyeusi za kazi, kama Phoenix ya China na Hero na Avon za India, pamoja na Swala za zamani zilizounganishwa hapa nchini na NABICO. Pili ni za milimani, zenye gia na tairi nene. Tatu ni mitumba, nyingi zikiwa zimetoka Japani. Kila aina ina vipuri vyake, na hapa ndipo wengi wanapoumia.

NAMBA YA TAIRI NDIYO FEDHA YAKO

Tairi ya baiskeli nyeusi ya kazi huandikwa 28 x 1½. Ile ya milimani huandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.125. Mitumba mingi ya Kijapani huvaa 26 x 1⅜. Muuzaji asiyejua huona "26" na kudhani ni kitu kimoja. Sivyo. Tairi ya 26 x 1⅜ hukaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 590, na ile ya 26 x 1.95 kwenye ringi ya milimita 559. Tofauti ni milimita 31, na hakuna fundi atakayeilazimisha iingie.

Vivyo hivyo kwa 28. Baiskeli ya kazi ina ringi ya milimita 635, lakini baadhi ya baiskeli za Ulaya zinazoitwa pia "28" zina ringi ya milimita 622. Dawa ni moja: soma ubavuni mwa tairi. Namba kama 40-635 au 37-590 haidanganyi: ya kwanza ni unene, ya pili ni kipenyo cha ringi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya soko. Umenunua tairi 40 kwa shilingi 12,000 kila moja, jumla shilingi 480,000. Usafiri ni shilingi 40,000, hivyo umetoa shilingi 520,000. Ukiuza kwa shilingi 15,000 utapata shilingi 600,000, na faida ni shilingi 80,000. Lakini angalia: tairi 35 za kwanza zinarudisha mtaji tu. Karibu faida yote imo katika tano za mwisho. Kumi zikiwa za namba isiyotakiwa mjini kwako, hutapata faida. Utakuwa umepungukiwa shilingi 70,000.

Kwa hiyo kabla ya kupanda basi kwenda Kariakoo, kaa siku moja karibu na mafundi wa mji wako. Hesabu baiskeli zinazoletwa na andika namba za tairi zao. Daftari hilo ndilo liwe orodha yako ya kununulia.

VIPURI VINAVYOTOKA HARAKA

Magurudumu ya baiskeli nyeusi kwa kawaida yana spoku 32 mbele na 40 nyuma. Anayebeba gunia la viazi hukata za nyuma, basi nunua nyingi za nyuma. Spoku ya geji 13 ni nene kuliko ya geji 14. Mwenye mzigo ataitaka hiyo hata ikizidi bei kidogo.

Golori pia zina vipimo. Ekseli ya nyuma na ile ya krenki hutumia robo inchi, na ya mbele 3/16. Usizichanganye katika kopo moja. Kotapini nyingi za baiskeli za India na China ni milimita 9.5, lakini zipo za milimita 9, ambazo zikiwekwa kwenye tundu kubwa hulegea na kulila krenki.

Cheni mpya ina inchi 12 kamili katika pingili 24. Ikifika inchi 12 na 1/8, imekwisha, na itaharibu meno ya friwili. Muuzaji mwenye rula kaunta huuza cheni bila kubishana, kwa sababu mteja anajionea mwenyewe. Mkumbushe pia kwamba pedeli ya kushoto hufungwa kinyume na ya kulia. Wanaosahau huharibu uzi wa krenki, kisha humlaumu aliyewauzia.

BREKI KWENYE UKUNGU

Jambo hili si la faida peke yake. Ringi ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa, mpira wa breki huteleza na baiskeli husimama mbali zaidi. Katika miteremko ya Njombe na Makete, mtu mwenye gunia nyuma anaweza kupoteza maisha kwa kipande cha mpira cha bei ndogo. Muuzie mteja mipira ya breki minne kwa pamoja, si mmoja. Anayetaka kubadili breki za vyuma kwenda za waya aambiwe ukweli: breki ya vyuma hubana ringi kwa ndani, ile ya waya hubana ubavuni, na si kila ringi inafaa kwa zote mbili. Ringi ya aluminiamu hushika vizuri zaidi ikilowa, na inafaa kwa breki za waya.

Taa ya dainamo, kwa kawaida ya volti 6 na wati 3, na rifleta nyekundu ya nyuma ni bidhaa za ukungu. Huuzika zaidi Juni kuliko Januari.

NGUO ZA BARIDI

Nyuzi 8 za sentigredi kwa aliyesimama si nyuzi 8 kwa aliye kwenye mteremko. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, hesabu ya wataalamu wa hali ya hewa huonyesha kwamba mwili husikia kama nyuzi 4. Vidole vikifa ganzi, breki haikamatiki. Ndiyo maana glovu ni sehemu ya usalama, si pambo.

Kinachotakiwa ni mzula, glovu, sweta, na juu yake koti jepesi lisilopitisha upepo. Koti zito la sufu peke yake hulowa jasho kwenye mlima na kugeuka barafu kwenye mteremko. Belo la mitumba la makoti huwa na mchanganyiko, hivyo wenye mtaji mdogo wanunue belo moja kwa ubia na kugawana badala ya kila mmoja kukopa.

MUDA WA KUNUNUA

Nguo za baridi zinunuliwe Aprili au mapema Mei. Atakayengoja Juni atakuta wenzake wamekwishapanga bidhaa, na mali itakayobaki Septemba italala hadi mwaka unaofuata. Vipuri haviozi, mradi vihifadhiwe pakavu, na tairi zikae mbali na jua.

Kwa mwenye kuanza, ushauri wa ukurasa huu ni kuweka sehemu kubwa ya fedha katika vipuri vya mwaka mzima, na sehemu ndogo katika nguo za msimu. Dai risiti, fungua boksi na upime kabla ya kulipa. Mzigo ukishapanda lori kwenda Makambako, kuurudisha Dar es Salaam kutagharimu kuliko faida yake.